Gudulia la Ubani

Ndugu wasomaji, simameni wima, vueni kofia na zimeni simu. Mauaji makubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea Mkoa wa Pwani yalifanyika Kerege, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, Jumatano moja wakati wa sala ya isha. Waliouawa hawana idadi. Ukiwachukua watu wote walioishi tangu Nabii Adamu, ukawapanga foleni kama wanafunzi wa bweni wanaosubiri uji, bado foleni hiyo ingekuwa fupi kuliko ya marehemu hao.

Wote walifia ndani ya tangi moja la plastiki.

Walikuwa bakteria. Basi vaeni kofia zenu. Natangaza rasmi, kwa kiapo cha msimulizi asiyesema uongo, kwamba hakuna mtu aliyewalilia hata chozi moja.

Aliyeliliwa ni mwingine, na huyo alikuwa na jina.

Haidar, mlinzi wa kituo cha kusafishia maji, alikutwa Ijumaa asubuhi amejikunja juu ya mkeka mbele ya kibanda chake. Povu lilikuwa limemkaukia mdomoni. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa zikawa kama ncha za sindano. Pembeni palikuwa na sahani ya bati, kikombe kilichopinduka, na gudulia la udongo lililofunikwa kwa kawa.

Inspekta Bwanausi wa polisi Bagamoyo alichuchumaa kwa taabu. Taabu haikuwa ya uzee wala ya huzuni. Ilikuwa ya viatu vipya vya serikali, vilivyoletwa vikiwa vidogo na kupokelewa kwa saluti.

"Nani kamkuta?"

"Mimi," alisema mwanamke aliyesimama karibu na tangi, funguo mkononi. Huyo alikuwa Dakta Thuraya, mkuu wa kituo, mzaliwa wa Dunda. Kwao ni watu wa asili ya Oman. Ndugu zake wote walikwenda dukani, yeye peke yake akaenda kwenye hadubini.

"Umemgusa?"

"Shingoni tu. Nione kama yu hai."

"Ukaona nini?"

"Baridi, Inspekta. Baridi kabisa."

Bwanausi alitazama sahani. Palikuwa na kokwa mbili za tende. Tende ya tatu ilikuwa bado imo kwenye kiganja cha marehemu, nzima, haijaumwa.

"Koplo, andika. Amekufa jana magharibi."

Koplo Sihaba aliinua kalamu. "Afande, daktari wa hospitali hajafika na wewe umeshamaliza?"

"Jana ilikuwa Alhamisi. Mzee alifunga sunna. Kaadhiniwa, kala tende mbili, kashushia maji, ya tatu haikufika kinywani. Andika, usinichekee."

"Sicheki, afande. Ninashangaa tu kwamba tende zimekuwa saa."

Inspekta alifunua gudulia, akainamisha pua. Harufu ya ubani ilimpokea, nzito na tamu, kama ya chumba cha bibi harusi. Wanawake wa pwani hufukiza chombo kwa moshi wa ubani kabla ya kutia maji, ili mnywaji apate ladha. Lakini nyuma ya ubani palikuwa na harufu nyingine. Ilijificha kama mtoro nyuma ya bweni. Bwanausi aliijua, aliwahi kukutana nayo zamani, na hakukumbuka ni ya nini.

"Hili nalo liende maabara," alisema.

Kisha akamgeukia Dakta Thuraya. "Nieleze kazi ya hapa. Kwa Kiswahili cha mtu aliyefeli kemia."

Thuraya alionyesha ghala lenye paa lililotoboka. Lilikuwa la chama cha ushirika kilichokufa zamani. Chama kilikufa, viuatilifu vikabaki. Mapipa yaliliwa na kutu, sumu ikateremka ardhini hadi kwenye visima. Mbuzi walikufa kwanza. Kisha watoto wakaanza kuumwa.

"Bakteria wangu walitoka kwenye udongo wa kawaida," alisema. "Tukawabadilisha vinasaba, tukawapa kimeng'enya kinachoikata sumu vipande vipande. Kwao ni chakula. Maji ya sumu yanaingia kwa juu, yanatoka pale bombani hayana kitu."

"Na wakifa?"

"Yanaingia sumu, yanatoka sumu."

"Marehemu alichota wapi maji yake?"

Thuraya aliangalia bomba. Juu yake palikuwa na kibao: MAJI HAYA SI YA KUNYWA. Chini ya kibao, saruji ilikuwa imelika mahali mtu alipozoea kuweka miguu akitawadha.

Kabla hajafungua kinywa, makelele yalitokea getini. Watu wa msikitini walikuwa wamefika, wakiongozwa na Sheikh Hamidu, mtu mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Nyuma yao mwanamke mmoja alikuwa akijisukuma apite, kanga imemteleza kichwani.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, Inspekta. Tumesikia. Inna lillahi." Sheikh aliutazama mwili kwa mbali, akatazama ghala. "Amekunywa dawa?"

"Sijui bado."

"Mtu kafa na povu mdomoni, pembeni pana mapipa ya sumu. Tena wiki tatu hizi alikuwa na huzuni kubwa. Tulimpumzisha uadhini. Miaka ishirini aliadhini yeye." Sheikh alishusha sauti. "Kama amejiua, watu wa kawaida watamsalia. Mimi na wakubwa wa msikiti hatutasimama mbele ya jeneza lake. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mwongo!" Mwanamke alikuwa amefika. "Mume wangu hakunywa dawa! Haidar kafuturu maji! Maji safi kuliko siku zote! Usimzike kama mhalifu, Sheikh, nakuomba, usimzike hivyo!"

Wanawake wenzake walimshika, wakamfunika, wakamwondoa huku miguu ikiburuta. Huyo ndiye Mwanabaraka, mke wa marehemu. Kuanzia hapo aliingia eda, na mwanamume wa kando hakuruhusiwa tena kumwona uso.

"Mazishi lini?" Bwanausi aliuliza.

"Baada ya alasiri, mkituachia mwili," alisema Sheikh. "Mpaka hapo, Inspekta, tuambie tunamzika nani. Mtu aliyekufa, au mtu aliyejiua."

Hapo ndipo kesi ilipokaa. Sheria ilikuwa na subira yake ya miezi. Kaburi halikuwa nayo.

* * *

Daktari wa hospitali ya wilaya alipiga simu jua likiwa utosini. Sumu ya jamii ya oganofosfati, ile ya viuatilifu, alisema, imemezwa, nyingi, tumbo likiwa na tende tu. Hakuona jeraha wala dalili ya kushikwa kwa nguvu.

"Anaweza kuwa amejinywesha mwenyewe?"

"Anaweza. Hapo mimi sina kipimo, Inspekta. Tumbo halisemi nia."

Bwanausi alikata simu, akaenda kwenye chumba kidogo cha maabara cha kituo. Dakta Thuraya alikuwa ameinamia hadubini. Alipoinua uso, midomo ilikuwa myeupe.

"Wamekufa," alisema. "Wote. Nimechukua sampuli juu, katikati na chini. Hakuna hata mmoja anayejongea."

"Mara ya mwisho uliwapima lini?"

"Jumatano asubuhi. Walikuwa wazima."

"Na jana?"

"Jana tuliosha mapipa ya ghalani. Maji ya kuoshea yakaingia tangini. Makali kuliko siku yoyote." Alishika kichwa. "Bakteria wakiwa hai, wangeyamaliza kabla ya jioni. Tumewahi kufanya hivyo mara nyingi."

"Nani anayejua kuwaua bakteria wako?"

"Mimi."

"Na nani anayefaidika wakifa?"

"Hakuna. Mimi ndiye ninayepoteza kila kitu. Kesho kituo kitafungwa na watu watarudi kunywa visima vile vile."

"Marehemu alikuwa akinywa hapa. Ulijua?"

Thuraya alirudisha jicho kwenye hadubini.

"Dakta, ulijua?"

"Nilijua." Sauti ilimtoka kama mtu anayetapika. "Kila wageni wakija, Mzee Haidar alichota kikombe mbele yao akanywa. Wageni walipiga makofi, wakapiga picha. Nilipaswa kumkataza. Kibao nilikiweka mimi, halafu nikamwacha akikidharau, kwa sababu picha zile zilituletea wafadhili."

Bwanausi alipanda ngazi ya tangi, viatu vikimng'ata, akafungua mfuniko na kuinama.

Harufu ikampiga usoni, safari hii bila ubani.

Alirudi ghafla kidato cha pili, asubuhi ya ukaguzi, amepiga magoti na brashi mkononi, mwalimu wa zamu akipiga mluzi mlangoni. Vyoo vya bweni! Miaka yote vilinuka kama vyoo, isipokuwa asubuhi ya ukaguzi. Siku hiyo vilinuka dawa ya kuua vijidudu.

"Klorini," alisema kutoka juu.

Thuraya alimkodolea macho. Akachukua karatasi ya kupimia, akaichovya kwenye sampuli. Karatasi ilibadilika rangi papo hapo.

"Ya Rabi," alinong'ona. "Si kwamba imewaua bakteria tu, Inspekta. Baadhi ya sumu hizi zikikutana na klorini hugeuka kali zaidi. Aliyetia hii... hakuzima taa tu. Ameongeza giza."

"Mtu anayetaka kujiua," alisema Bwanausi akishuka polepole, "hana haja ya kusumbuka na bakteria. Ghala limejaa sumu. Angekunywa pipani."

"Kwa hiyo ni mauaji, afande," alisema Koplo Sihaba.

"Au ni usafi."

"Usafi?"

Bwanausi aliketi kwenye ngazi, akavua kiatu kimoja mbele ya ushahidi wote. Sauti ya mwanamke ilikuwa ikimrudia. *Maji safi kuliko siku zote.* Mwanamke hakusema "safi kama siku zote". Mjane, mumewe kalala chini, katikati ya kilio, alijua kwamba maji ya Alhamisi yalikuwa tofauti na ya Jumatano.

"Koplo, vaa mtandio wako. Tunakwenda msibani."

* * *

Nyumba ya Haidar ilijaa. Wanaume walikuwa barazani, wanawake ndani. Chumba cha mjane kilikuwa na pazia zito mlangoni. Inspekta alipewa kigoda upande wa nje. Koplo Sihaba aliingia.

Polisi wengine huhoji kwa taa machoni na meza ya chuma. Bwanausi alihoji kitambaa chenye maua.

"Bi Mwanabaraka, pole kwa msiba. Mungu akupe subira."

"Amina, mwanangu."

"Mzee Haidar nani alimfukizia gudulia?"

"Mimi. Kila Alhamisi. Namletea alasiri na tende zake, halafu huchota mwenyewe bombani."

"Jumatano jioni ulikwenda?"



"Nilimpelekea chakula."

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta. Akala. Akaniachia funguo akaenda isha."

"Msikitini? Si walimvua uadhini?"

"Walimvua uadhini, hawakumvua Uislamu." Sauti ilipata makali kwa mara ya kwanza. "Alikwenda akakaa safu ya nyuma kama mgeni. Vijana wanamcheka. 'Mzee wa vijidudu huyo, msimguse.' Miaka ishirini amewaamsha alfajiri, leo wanamkunjia kanzu!"

Pazia lilifunguka kidogo. Koplo Sihaba alitoa kichwa, akanong'ona. Uani, juu ya kamba, palikuwa na kanga ya zambarau iliyofuliwa. Upindo mmoja ulikuwa na madoadoa meupe, kama mtu aliyerushiwa matone. Pahala pa madoa rangi ilikuwa imeliwa kabisa.

"Umemuuliza?"

"Sijamuuliza, afande. Siwezi. Muulize wewe, pazia likusaidie."

Bwanausi alisogeza kigoda. Nje, barazani, mtu alikuwa akisoma Yasini kwa sauti ya puani.

"Bi Mwanabaraka, nisikilize. Kalamu yangu inaweza kuandika mambo mawili leo. Nikiandika kwamba Mzee Haidar alikunywa sumu ya ghalani kwa mkono wake, kesi imekwisha. Hakuna atakayeulizwa tena. Sheikh hatasimama mbele ya jeneza, na hivyo ndivyo Kerege itakavyomkumbuka."



"La pili ni lipi?" sauti iliuliza nyuma ya pazia.

"La pili unalijua wewe. Mimi nakisia tu."

Yasini ilifika mwisho, ikaanzwa upya. Mwanamke alikuwa na njia ya kutokea, pana na nyeupe, na gharama yake ilikuwa jina la mumewe.

"Andika la pili," alisema Mwanabaraka.

"Sema."

"Ni mimi niliyetia dawa."

"Dawa gani?"

"Klorini. Mwaka wa kipindupindu nilikuwa mhudumu wa afya. Walitufundisha: kijidudu kikiwa majini, kiue. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwafundisha wengine. Dawa ilibaki, ndoo nzima, niliitunza chini ya kitanda kama dhahabu." Alivuta pumzi. "Sheikh Hamidu alisema maji ya kituo yana vijidudu vilivyotengenezwa na binadamu, kwa hiyo yana shaka, na mwenye udhu wa shaka asiadhini. Haidar akabisha. Akasema maji yale ndiyo safi kuliko yote Kerege, hatatawadha mengine. Mbishi! Mimi nikasema, basi mimi nitaviondoa hivyo vijidudu."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia. Nilitaka Ijumaa aamke nimwambie, 'Nenda msikitini, waambie wapime. Hakuna hata kimoja.' Nilitaka arudi juu aadhini. Nilipanda ngazi nikamimina yote. Ilinirukia kwenye kanga. Nikashuka ninacheka, mwanangu. Ninacheka peke yangu kama mwehu, kwa furaha."

"Na harufu? Hakuisikia alipochota?"

"Ubani," alisema. "Jana nilifukiza mara mbili. Nilijua dawa ina harufu, sikutaka imkere wakati wa kufuturu."

Koplo Sihaba alikaa sakafuni, akaandika.

"Hukujua kazi ya vile vijidudu?" aliuliza Bwanausi.

"Nani aliniambia? Dakta alikuja akaongea na wanaume, barazani, kwa maneno ya shule. Sisi wanawake tulipika chai."

* * *

Inspekta alitoka barazani, akamwita Sheikh Hamidu pembeni, karibu na choo cha nje, mahali pasipo na masikio. Akamweleza yote. Hakupunguza wala hakuongeza.

Sheikh alisikiliza hadi mwisho. Akashika ndevu zake zilizochongwa vizuri.

"Nilisema yana shaka," alisema. "Sikusema ni najisi. Nilisema shaka tu."

"Ndiyo, Sheikh."

"Ningeweza kwenda kumuuliza Dakta. Ni hatua chache."

"Ndiyo, Sheikh."

"Utamfunga huyu mama?"

"Kuua bila kukusudia. Jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka. Mimi nitaomba amalizie eda nyumbani, na nitaandika kila alichosema, na nani alisema nini kabla yake. Na Dakta naye ataandikwa. Kile kibao chake kilisema kweli, yeye alinyamaza."

Baada ya alasiri mwili uliletwa uwanja wa msikiti. Sheikh Hamidu alisimama mbele ya jeneza, mahali alipokuwa amesema hatasimama. Kabla ya takbira aligeuka kwa waumini. Desturi ni kutangaza: mwenye kumdai marehemu, aje kwa familia.

"Hakuna anayemdai Haidar," alisema. "Haidar ndiye anayetudai. Kafa na udhu wake, na saumu yake, na udhu ule haukuwa na kasoro siku hata moja. Kasoro ilikuwa mdomoni mwangu. Na yule aliyemcheka, anajijua."

Vijana wa safu ya nyuma waliangalia vidole vyao vya miguu.

Bwanausi alisali nao pekupeku. Viatu vya serikali aliviacha mlangoni, na sitakuwa mimi wa kusema kwamba alitamani viibwe.

Walipokwisha kuzika, yeye na Koplo Sihaba walipitia tena nyumba ya msiba kuchukua alama ya kidole gumba cha mjane kwenye maelezo. Dakta Thuraya alikuwa amefika pia, yuko ndani ya pazia. Bwanausi alimsikia akieleza polepole, safari hii bila maneno ya shule, kilichokuwamo ndani ya lile tangi: kwamba walikuwa wadogo hawaonekani, kwamba walikula sumu mchana na usiku ili watoto wa Kerege wasiinywe, kwamba hawakuwa na kazi nyingine duniani.

"Walikuwa upande wetu?" aliuliza Mwanabaraka.

"Walikuwa upande wetu, Bi."

"Nikawaua nao."

Inspekta alikuwa nje ya pazia, hakuona. Lakini koplo alikuwa ndani, na ushahidi wa Koplo Sihaba uko wazi: mjane alimlilia mumewe asubuhi yote kwa sauti, na wale aliwalilia jioni bila sauti, uso kwenye kanga ya zambarau yenye madoa, na Dakta akalia naye.

Kwa hiyo nimekamatwa. Mwanzoni nilisimama kama mwalimu mkuu siku ya mahafali, nikatangaza kwa kiapo kwamba hakuna aliyewalilia hata chozi moja. Nilitaka mcheke kwanza, kwa sababu nilijua tunakwenda wapi. Nakiri: nilisema uongo. Vueni tena kofia.